Makuta ya uzee yasibaki kwenye bariere

Ndugu vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, na ninyi wote mulio Kigali, Bujumbura, Kampala na Nairobi juu ya kazi,

Leo hatuongelei barabara wala maji wala umeme. Tunaongelea jambo ambalo vijana wengi wanasema ni la wazee: pansioni, makuta ya uzee. Ukiwa na miaka 24 unatafuta kula leo, nani atakuambia habari za miaka 60? Tunaelewa. Lakini pansioni haitengenezwi siku mutu anapofikisha miaka 60. Inatengenezwa sasa, kila mwisho wa mwezi, pale bosi anakata kitu kidogo kwenye mushahara wako na kukipeleka kwenye kese. Na kama kese hiyo iko ng'ambo ya mupaka, unaweza kukotiza miaka mingi na mwishowe usipate kulipwa kila mwezi, hata kama hakuna mutu aliyekuibia.

Tuchukue mufano. Kijana wa Goma anavuka bariere, anapata kazi ya oteli Kigali, kazi ya kweli yenye kontra. Anatumika miaka 12. Kila mwezi wanamukata, bosi naye anaongeza, makuta yanaenda RSSB, kese ya Rwanda. Kisha mama yake anagonjwa, anarudi Goma. Mungu anamusaidia, anapata kazi ingine, wanamuandikisha CNSS, anakotiza miaka 4. Baadaye kazi inaisha, anaingia kwenye biashara yake ndogo mpaka uzee. Ukijumlisha ni miaka 16 ya kukotiza.

Anapofika miaka 60 anaenda kuomba. Kule Rwanda sheria inasema: ili ulipwe pansioni ya kila mwezi, lazima uwe na miaka 15 ya michango. Yeye iko na 12. Watamupa kitita kimoja, mara moja, basi. Hapa Kongo miaka 4 haitoshi hata kidogo kufungua pansioni ya mwezi. Lakini jirani yake, aliyeanza naye siku moja kwenye oteli ile ile na akabaki Kigali miaka 16, atalipwa kila mwezi mpaka kufa. Kosa la wetu ni nini? Ni kuvuka mupaka kuja kumuuguza mama yake.

Na makuta yanayokatwa siyo ya kuchekea. Rwanda, mpaka mwisho wa 2024, mchango wa pansioni ulikuwa 6% ya mushahara, nusu ya bosi na nusu ya mutumishi. Tangu Januari 2025 ni 12%, na wamesema itaendelea kupanda. Hapa Kongo ni 10%: wewe 5, bosi 5. Uganda ni 15%: bosi 10, wewe 5. Kijana wa kwetu anayetumika Kigali leo anakatwa mara mbili ya vile kaka yake alikuwa anakatwa mwaka 2024. Kwa hiyo swali la makuta hayo yanaenda wapi siku utakaporudi nyumbani limekuwa kubwa mara mbili.

Wengi hawajui kama dawa ya ugonjwa huu iliandikwa zamani, mbele wengi wetu tuzaliwe. Mwaka 1976 Zaïre, Rwanda na Burundi zilianzisha CEPGL, na biro yake kubwa ikawekwa Gisenyi, hapo hapo tunapopaona tukisimama Goma. Mwaka 1978 inchi hizo tatu zikatia sahihi mukataba juu ya ulinzi wa watumishi: mutu wa inchi moja akitumika kwa jirani, atendewe sawa na mwenyeji; miaka yake ya inchi mbalimbali ihesabiwe pamoja; na haki yake isipotee juu tu amerudi kuishi kwao.

Tueleze vizuri hiyo ya kuhesabu pamoja, juu ndiyo moyo wa mambo. Haisemi Kongo ilipe deni la Rwanda, wala Rwanda ilipe la Kongo. Kwa yule kijana wetu, biro ya Kigali inauliza biro ya Kongo: huyu alikotiza kwenu muda gani? Kongo inajibu: miaka 4. Basi Kigali inajumlisha 12 na 4, inaona 16, inasema mulango umefunguka. Inapiga hesabu ya pansioni kama vile miaka yote 16 ilikuwa ya kwake, halafu inalipa sehemu yake tu: 12 juu ya 16. Kongo nayo inafanya vile vile, inalipa 4 juu ya 16. Kila kese inalipa kwa miaka iliyopokea michango. Hakuna anayepoteza, isipokuwa yule aliyezoea kubaki na makuta ya watu bila kuulizwa.

Ulaya wanafanya hivi kila siku. Mureno anatumika Ufaransa miaka 10, Luxembourg miaka 10, anarudi Ureno kwenye kijiji chake, na kese zote zinamutumia sehemu yake. Siyo uchawi. Ni watu wa biro wawili wanaoandikiana barua.

Shida ni kwamba kwetu barua hizo zinategemea hali ya hewa ya wakubwa. Vita vya miaka ya 1990 viliilaza CEPGL. Wakaamsha, ikalala tena. Ukienda leo kwenye biro ya serikali kuulizia mukataba wa 1978, unaweza kukutana na mutumishi anayekutazama kama vile unamuulizia habari za mababu. «Mukataba gani? Rudi kesho.» Sisi hatuna haja ya kuambiwa turudi kesho. Tunataka serikali iseme wazi na kwa maandishi: mukataba huu uko hai ao umekufa? Kama uko hai, ni biro gani, mulango gani, fomu gani? Kama umekufa, ni nani aliuua, tarehe gani, na alituuliza?

Kuna watakaosema jambo hili ni la inchi tajiri, sisi hatuwezi. Tuwakumbushe historia moja. Tarehe 16 Juni 1960, siku 14 tu mbele ya uhuru wa Kongo, Ubelgiji ilitoa sheria ya kuweka kese za pansioni za waajiriwa wa Kongo Belge na Ruanda-Urundi chini ya ulinzi na dhamana ya serikali yake. Waajiriwa hao, waliokuwa wanaitwa «employés», karibu wote walikuwa wazungu. Yaani bendera ilikuwa inashushwa, watu wanafunga mizigo, hakuna aliyejua kesho itakuwaje, lakini Brussels ilipata nafasi ya kuandika: watu wetu waliotumika kule mbali, uzee wao hautaguswa. Watumishi weusi walikuwa na kese yao mbali, iliyoletwa na dekre ya 1956 tu. Baada ya uhuru ikabaki kwetu, INSS ikazaliwa 1961, na tunajua safari yake.

Hatusemi hayo ili kulilia mukoloni. Tunasema juu serikali ikitaka kulinda watu wake waliotumika inchi ingine, inaweza, hata katikati ya fujo. Ubelgiji ilifanya katika wiki mbili za mwisho. Yetu iko na miaka zaidi ya 60.

Na ile safari ya INSS ina funzo. Waulize wazee waliokotiza wakati wa Mobutu. Makuta yao yaliandikwa kwa zaïre. Mwaka 1993 zaïre 3.000.000 za zamani zikageuzwa zaïre mpya moja. Mwaka 1998 zaïre mpya 100.000 zikageuzwa franka moja. Piga hesabu mwenyewe, kalkileta ya telefone itakosa nafasi. Muzee alikotiza miaka 20, akapewa kitu kisichofika hata kununua gunia la makala. Kwa hiyo tunaposema kulinda haki, hatusemi kuhesabu miaka peke yake. Makuta yenyewe lazima yapandishwe kufuatana na bei ya maisha. La sivyo tutapewa pansioni ya kweli yenye tumbo tupu ndani.

Sasa kuna mulango mupya. Tangu 2022 Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC. Wakubwa walipiga picha, walivaa vizuri, walitia sahihi Nairobi. Wengi wetu tulisikia neno moja tu, «soko». Lakini protokole ya soko la pamoja, inayotumika tangu 2010, haiongelei bidhaa peke yake. Kifungu cha 10 kinaongelea watumishi: mutu wa inchi moja anayetumika kwenye inchi ingine ya jumuiya apate haki za ulinzi wa jamii kama wenyeji. Na kifungu hicho hicho kinaliachia Baraza la mawaziri kazi ya kutoa kanuni za kuunganisha kese hizi. Kanuni hizo zimeongelewa miaka na miaka, kwenye oteli nzuri, na watumishi wanangoja.

Kuunganisha siyo rahisi, tukubali. Uganda haina mufumo kama wetu. NSSF ya Kampala ni kama akiba: makuta yako na ya bosi yanawekwa kwa jina lako, na unapewa kitita ukifika miaka 55. Ukiwa unahama Uganda kabisa, kuna njia ya kuomba akiba yako mbele ya umri ule. Wakongo wengi wanaotumika Kampala hawajui hilo. Wanaacha kazi, wanapanda basi kuelekea Kasindi ao Bunagana, wanaacha makuta nyuma. Mbele ya kupanda basi, pita NSSF na paspoti yako, uliza. Makuta yale siyo sadaka.

Tuseme sasa jambo gumu, juu hatuwezi kuandika habari za Kigali kama vile hakuna kitu. Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na Bukavu tangu Februari mwaka ule. Kinshasa na Kigali zilikata uhusiano. Banki zilifungwa Goma, na muzee aliyezoea kupokea pansioni yake kwenye banki alijikuta hana pa kwenda. Msimamo wetu juu ya vita hivi na wanaovilisha unajulikana, hatuurudishi hapa. Lakini mama aliyetumika Gisenyi miaka 12 akifagia oteli hakuleta vita. Makuta yake yaliyo RSSB siyo ya serikali ya Rwanda, na yaliyo CNSS siyo ya serikali ya Kongo. Ni ya kwake. Serikali mbili zinaweza kufukuziana mabalozi, hiyo ni kazi yao, lakini hakuna inayopata ruhusa ya kushika uzee wa mutu kama muateka. Juni 2025 mawaziri wao walienda Washington kutia sahihi mapatano. Tulisikia madini, tulisikia umeme, tulisikia uwekezaji. Pansioni ya watumishi wa mupakani hatukuisikia. Kama wanaweza kukaa meza moja juu ya koltani, wakae pia juu ya hili.

Kuna mutu atasema: «Ninyi munaongelea watu wa kontra. Sisi wengi tunavuka petite barrière na bilauri ya nyanya kichwani, nani anatukotizia?» Ni kweli, na haitushangazi. Watu wengi wa kwetu wanaovuka hawana karatasi yoyote ya kazi. Vita ya kuwapatia ulinzi ni ingine na ni ndefu. Lakini wajenzi, wapishi wa oteli, walimu, manesi, madereva, watu wa kompyuta, wako wengi waliokatwa makuta na hawajui. Na wengine walikatwa na bosi hakupeleka. Hiyo inatokea pande zote za mupaka: kwenye fishi ya mushahara imeandikwa wamekukata, kwenye kese jina lako halionekani. Ukigundua leo, bosi bado yuko, kompanyi bado iko, unaweza kushitaki. Ukigundua baada ya miaka 25, utashitaki nani? Jengo limeshageuka kanisa.

Tunataka pia muwafikirie wajane. Papa anatumika Bujumbura miaka 18, anakufa. Mama anabaki Uvira na watoto. Haki iko: sheria ya Burundi, kama ya Kongo, inawapa wajane na yatima sehemu yao. Lakini biro itaomba karatasi ya ndoa ya serikali, na mama iko na mahari tu, picha za sherehe na mashahidi wa ukoo. Kwa sisi wote, ndoa ile ni ndoa. Kwa biro, haipo. Kisha itaomba karatasi za kuzaliwa za watoto, na katika vita hivi nani bado anazo? Kisha itaomba kila mara hakikisho kwamba mama bado yuko hai, lenye muhuri wa serikali inayotambuliwa na ile kese. Fikiri mama wa leo anayeishi kwenye eneo ambalo muhuri wake haukubaliwi upande wa pili. Haki yake imeandikwa vizuri kabisa na hawezi kuigusa. Hapo ndipo tunaona pansioni inapopotelea, na ndiyo maana tunadai muhuri wa parokia, wa hospitali ao wa Msalaba Mwekundu ukubaliwe pale serikali haifiki, kuliko kumuambia mama avuke mistari ya vita miwili kutafuta saini.

Kwa Kinshasa, tunadai CNSS ifungue kwenye miji ya mupaka mutu mumoja, hata mumoja tu, ambaye kazi yake ni dosie za waliotumika inchi ingine, na pale haiwezi kukaa, ipokee dosie kwa intaneti na itoe risiti. Tunadai ministri wa kazi aende kwenye vikao vya EAC na kanuni za kifungu cha 10 mukononi, siyo mikono mitupu. Na madepite wa Kivu na Ituri, ambao watoto wao pia wanatumika Kigali na Kampala, waulize swali hili kwa mudomo kwenye Bunge. Kuna shirika la kazi la dunia, OIT, lililoandika tangu 1982 mapatano namba 157 juu ya kulinda haki hizi mutu anapohama inchi. Kongo haijayakubali. Kuyakubali hakugharimu koltani hata kilo moja.

Kwako wewe kijana, hatukuombi kuandamana leo. Tunakuomba karatasi. Chukua picha ya kontra yako, ya fishi za mushahara, ya karta ya RSSB, INSS, NSSF ao CNSS. Zitume kwenye imeli yako mwenyewe, na kopi kwa mutu unayemuamini aliye inchi ingine, juu tumeshaona nyumba zikichomwa na makabati yake. Ukiacha kazi, usitoke bila barua inayosema ulianza siku gani na ukamaliza siku gani. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kila mahali; Bahati wa Kigali na Baati wa Goma, kwa kompyuta, ni watu wawili. Na muulize papa, mama, yaya: mulitumika wapi, miaka gani, kwa nani? Wengi watakuambia habari ambazo hujawahi kusikia.

Wenye dosie ambazo zimekwama, yenye miaka ya inchi mbili ao tatu, muandike kwenye karatasi moja: inchi, kompanyi, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, nimero ya kese, na jibu mulilopewa na biro. Muipeleke kwa wenzetu wa harakati kwenye muji wenu. Hatutatangaza jina la mutu yeyote. Tutazikusanya na kuzipeleka kwa CNSS na swali moja la kwanza: tangu CNSS ichukue nafasi ya INSS, ni dosie ngapi za watu waliokotiza Rwanda ao Burundi zimefika kulipwa, na zingine ziko kwenye kabati gani? Jibu tutalichapisha hapa hapa, hata kama ni sufuri.